Mwenye Bunduki Hana Ruhusa ya Kukasirika

Tangu baba yangu alipokabidhiwa leseni ya bunduki, pale Masieda hakuna aliyemsikia tena akimfokea mtu. Kabla ya hapo alikuwa mkali sawa na wanaume wengi wa rika lake. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani, maneno yalivuka korongo. Baada ya leseni ng'ombe waliendelea kuingia shambani, naye akawa anakwenda kwa mwenye ng'ombe kwa miguu, anakaa, anauliza habari za watoto na za mvua, ndipo anaeleza shida yake kwa sauti ya mgonjwa. Nilikuwa mtoto, nikadhani amezeeka. Kumbe alikuwa amepiga hesabu. Neno ambalo jirani angelisema likapita na upepo, yeye akilisema lingefika ofisi ya kijiji jioni hiyo hiyo, tena likiwa limeongezewa chumvi: fulani ana bunduki, na leo alikuwa anatishia watu.

Bunduki hiyo, shotigani ya mtutu mmoja, baadaye ilikuja mikononi mwangu mimi mwalimu. Wenye silaha tukikutana, na mara nyingi tunakutania kwenye benchi la kituo cha polisi, mazungumzo ni yale yale: bei ya risasi, ada ya leseni, kibali kilichokwama mezani kwa mtu, kufuli la sanduku, mke asiyetaka kulala chumba kimoja na hicho kitu. Shida hizi nimezipitia karibu zote. Nazieleza hapa kwa sababu naona zinarudi kwenye jambo moja ambalo halina nafasi katika fomu yoyote niliyowahi kujaza: ni mtu gani anayeweza kukaa na uwezo wa kuua, na majirani wake wakaendelea kulala usingizi?

Masieda iko wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, si mbali na bonde la Yaeda. Sisi Wairaqw ni wakulima na wafugaji. Majirani zetu ni Wadatoga, ambao wengi wanawajua kwa tawi lao la Wabarbaig, na huko bondeni wako Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kila watu walikuwa na namna yao ya kujilinda kabla bunduki hazijafika. Wazee wetu walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi, ili wavamizi wa ng'ombe wapite wasijue kama pana mji. Wadatoga walikuwa na mkuki, na kijana aliyemuua simba alizungushwa kwa ndugu akipewa ng'ombe kwa heshima ya ushujaa wake. Wahadzabe walikuwa na upinde na mshale wenye sumu, na hadi leo baadhi ya ncha za mishale yao ni misumari iliyofuliwa na wahunzi wa Kidatoga. Ukitazama vizuri utaona kwamba zana zote hizi zilidai kitu kwa mwenyewe. Mkuki ulidai usogee hadi usikie pumzi ya mnyama. Mshale ulidai miaka ya mazoezi tangu utotoni. Bunduki inadai kidole tu. Ndiyo maana serikali ikaja kudai yale ambayo bunduki yenyewe haidai.

Baba aliomba leseni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sababu aliyoandika ilikuwa fisi, nguruwe pori na wezi wa ng'ombe. Njia ya ombi lake ilianzia kwenye kikao cha kijiji, ikapanda kata, ikaenda polisi wilayani Mbulu, ikafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, halafu mkoani. Wakati huo Manyara haijazaliwa. Mkoa wetu ulikuwa Arusha, na ulibaki Arusha hadi mwaka 2002 makao yetu ya mkoa yalipokuwa Babati. Kwa mtu wa Masieda asiye na gari, karatasi moja kupanda hadi Arusha na kurudi ilikuwa safari ya misimu. Baba alipanda mahindi akisubiri, akavuna akisubiri, akapanda tena.

Katika ngazi zote hizo, iliyobaki kichwani mwake ilikuwa ya kwanza. Alisimulia mara nyingi kwamba wilayani walimuuliza idadi ya mifugo, ukubwa wa shamba, kama amewahi kushtakiwa. Kijijini waliuliza vingine. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na mkongojo wake alisimama akasema, "Mwanangu, ukilewa, hiyo bunduki itakaa na nani?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akajibu kwamba kuanzia siku hiyo kilabuni hatakanyaga, na kama kuna atakayemwona huko aje aichukue leseni. Alitimiza. Sherehe za ukoo alihudhuria, akapokea kibuyu kwa heshima, akakipitisha kwa aliyeketi kando yake. Sheria imebadilika sana tangu wakati ule. Ilikuja Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, kisha ikafutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo imeongeza hata sharti la cheti cha kuonyesha kwamba mwombaji amefunzwa kutumia silaha. Mambo mazuri. Lakini swali la yule bibi bado nalihesabu kuwa ndilo lililokuwa usaili wenyewe, kwa sababu aliyeuliza ndiye angepigwa na risasi kama jibu lingekuwa la uongo.

Sasa risasi. Mtu wa mjini anadhani gharama ya bunduki ni bunduki. Bunduki unainunua mara moja. Risasi ndiyo inayokukumbusha kila mwaka kwamba unamiliki kitu cha kitajiri. Boksi la shotigani huwa na risasi 25, na kwa hesabu ya mnada wa Haydom linakula mbuzi mzima, pengine mbuzi na nauli yake. Nauli lazima uitaje, kwa sababu risasi haziuzwi dukani pamoja na chumvi na betri. Unaomba kibali polisi, unaonyesha kitabu chako cha leseni, unasafiri hadi kwenye duka lenye idhini, na kiasi ulichonunua kinaandikwa. Kiwanda cha risasi nchini tunacho, Mzinga, pale Morogoro, lakini kutoka Morogoro hadi korongo la Masieda ni nchi nzima, na kila mkono unaopitisha boksi unaongeza bei.

Wakati wa baba hali ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ile hata sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa walanguzi na waficha bidhaa uliowafanya watu watupe magunia ya mali porini usiku. Katika nchi isiyo na sabuni, nani atakuletea risasi? Baba alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika kila risasi iliyotoka: tarehe, mahali, kilichopigwa. Maganda matupu aliyaweka kwenye kopo la maziwa. Kila risasi ilikuwa na watu wawili wa kuelezwa habari zake, mama kwa sababu ya hela na polisi kwa sababu ya kitabu, na sijui ni nani kati yao aliyemhofia zaidi. Mama akisikia mlio usiku, swali lake la kwanza baba akirudi lilikuwa, "Umepata?" Kama hakupata, kimya cha asubuhi kilikuwa kirefu.

Mzee mmoja wa Kihadzabe aliyekuwa akipita kwetu kubadilishana asali na mahindi aliwahi kuishika risasi ya baba, akaigeuza, akauliza kama ukishampiga mnyama unaiokota. Alipoambiwa hairudi, akamrudishia haraka. Mshale wake ukikosa anautafuta kwenye majani hadi aupate. Kwa akili yake, silaha ambayo kila ukitumia unazidi kuwa maskini ilikuwa na kasoro mahali.

Kwa miaka mingi niliiona bei hiyo kuwa baraka. Mtu mwenye risasi chache hapigi ovyo. Hapigi harusini, hapigi mwaka mpya, hapigi kuonyesha wageni. Umaskini wetu ulifanya kazi ya polisi. Lakini upande wa pili nao upo, na sisi wamiliki hatupendi kuusema: mtu asiyepiga hajui kupiga. Wenye leseni wengi wa vijijini ninaowafahamu huweza kumaliza mwaka bila kufyatua hata mara moja. Cheti cha mafunzo kinapatikana mwanzoni, kisha mkono unasahau. Siku fisi akiingia zizini, anayetoka gizani na bunduki ni mtu mwenye usingizi, mwenye hofu, na ambaye hajalenga kitu tangu msimu uliopita. Ni hatari kwa fisi, na ni hatari zaidi kwa kijana anayeshika tochi. Kama ningeulizwa na wanaotunga kanuni, ningeomba siku moja kwa mwaka, kwenye eneo la shabaha, chini ya macho ya polisi, na risasi chache za bei nafuu kwa ajili ya siku hiyo tu. Mwenye leseni apimwe jicho, mkono na pumzi. Nafikiri wapo ambao wangerudi nyumbani bila bunduki, na wake zao wangeshukuru.

Kero inayofuata ni ya kuazimwa. Kijijini vitu huzunguka. Jembe huzunguka, plau huzunguka, ng'ombe wa maziwa huweza kukaa zizini kwa mtu mwingine miaka mingi na undugu ukaongezeka. Sheria inasema bunduki haizunguki: leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha moja, na anayeikabidhi kwa mwingine wamekosa wote wawili. Eleza hilo kwa shemeji yako ambaye nguruwe pori wamemaliza viazi vyake. Baba alipata jibu alilolitumia maisha yake yote: "Bunduki siazimi, ila mimi mwenyewe naazimika." Maana yake ni kwamba aligeuka mtumishi wa usiku wa vitongoji kadhaa. Mlango ukigongwa, mama alikuwa ameshamtolea koti kabla hajauliza ni nani.

Usiku mmoja niliruhusiwa kumfuata. Kijana wa boma la jirani, Mdatoga, alikuja mbio akasema wezi wameingia kwa baba yake, wapo nyuma ya zizi, amewaona. Tulipofika, wanaume walikuwa wamejipanga na mikuki na marungu, sauti zimekauka. Nyuma ya ua wa miiba kulikuwa na kitu kinachosogea, kinasimama, kinasogea tena. Walimwambia baba apige. Mwenye boma mwenyewe alimshika bega akamwambia, "Mzee, piga, mimi ndiye nimekuita, lawama ni yangu." Baba aliweka risasi kwenye mtutu, akafunga, akaketi chini. Aliketi kabisa, mgongo kwenye nguzo, bunduki magotini, akasema, "Sijaona mtu. Nimeona giza." Wakamsihi. Mmoja akamtolea maneno ya dharau ambayo mwanaume wa kwetu hamezi. Baba akameza. Tulikaa pale hadi umande ukatuloanisha.

Kilichokuwa nyuma ya ua kilikohoa. Alikuwa kijana wa boma hilo hilo, ametoka kilabuni, amezuiwa na aibu kuingia kwa baba yake katika hali ile, akawa anazunguka akitafuta upenyo wa kuingilia kimya kimya. Baba yake alimtambua kwa kikohozi. Hakuna aliyesema kitu. Yule mzee wa boma alikwenda ndani, akatoka na maziwa, akampa baba kwa mikono miwili. Hadi wanakufa, wazee hao wawili hawakuwahi kugombana tena, ingawa ng'ombe wao walikosana mipaka kila kiangazi.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Sheria ingeweza kumtetea baba kama angepiga: usiku, boma la watu, aliyeitwa na mwenye mji. Lakini leseni yake ya kweli, ile ya kijijini, isingekuwapo asubuhi. Na kilichomzuia hakikuwa ufundi wa bunduki. Kilikuwa uwezo wa kutukanwa mbele ya wanaume na mwanawe, akiwa na risasi tayari, asihisi kwamba anadaiwa jibu.

Kwa wanyama nako kuna mitego yake. Watu hudhani mwenye bunduki anakula nyama bure. Ukimuua mnyama akiwa anakushambulia au anaharibu mali, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa, na mzoga ni mali ya serikali, nyama, ngozi na meno. Anayetaka kuwinda anunue leseni ya kuwinda, ambayo ni karatasi nyingine kabisa na ile ya kumiliki silaha. Ukipoteza mazao au mifugo kwa wanyama waliotajwa kuwa hatari, kuna kifuta jasho. Akifa au akijeruhiwa mtu, kuna kifuta machozi, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2011. Fedha zenyewe huja kwa mwendo wao. Ndiyo sababu wakulima wengi wakiona mashina ya mahindi yamelala, hawamkumbuki ofisa wa wanyamapori. Wanamkumbuka mtu mwenye bunduki, au mtu mwenye gobore.

Gobore ni suala lenyewe. Kila mwenye leseni analijua na kila kijiji kina mtu anayesemekana analo. Bomba, kitako cha mti, baruti inayoshindiliwa kwa mbele, vipande vya chuma, fataki. Halihitaji boksi la risasi 25 wala safari ya Arusha. Mwenye nalo hatembei ngazi yoyote ya ofisi. Mimi niliyekaa kwenye mabenchi yote hayo nilikuwa na kila sababu ya kumchukia, na bado namwelewa. Ngazi tulizojengewa ni za haki, ila zimejengwa kwa kipimo cha mtu mwenye nauli. Mfanyabiashara wa mjini anazipanda kwa simu na gari. Mkulima wa bondeni anazipanda kwa kuuza mbuzi. Ukifanya njia halali iwe ndefu kuliko uvumilivu wa maskini, usishangae akipita porini.

Lakini porini nako kuna shimo. Leo anayekutwa na silaha bila leseni hushtakiwa kwa sheria ya silaha ikisomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, ile iliyotungwa mwaka 1984 baada ya msako wa Sokoine. Sheria iliyozaliwa kwa ajili ya waficha sukari ndiyo inayomkuta mzee na gobore la babu yake juu ya dari. Ndiyo maana nilifurahi Wizara ya Mambo ya Ndani ilipotangaza msamaha wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, mwaka 2022, na tena mwaka 2023. Nilizunguka kwa watu niliowadhania, bila kuuliza lolote, nikisema tu tarehe ya mwisho. Jirani mmoja alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwalimu, mimi sina kitu cha namna hiyo." Wiki ile ile nikasikia kuna kitu kimeachwa kituoni. Sikumuuliza, naye hajaniambia. Tunasalimiana vizuri kuliko zamani.

Nchi yenye bunduki nyingi kuliko karatasi inafananaje? Majirani wetu wametuonyesha. Mwaka 1979, wanajeshi wa Idi Amin walipokuwa wanakimbia mbele ya majeshi yetu, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilibaki bila mwenyewe na wafugaji wa Karamoja wakajichukulia. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za kivita. Serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya Desemba 2001, na ikalazimika kurudia kwa nguvu miaka iliyofuata, kwa gharama kubwa ya maisha. Kule wanaume wengi walikuwa na bunduki, na hakuna aliyekuwa salama zaidi kwa sababu hiyo. Nikikumbuka kwamba Wairaqw, Wadatoga na majirani zetu wa Iramba nasi tuna historia yetu ya kuibiana ng'ombe, nashukuru kwa kila benchi nililokalia.

Baba alipofariki, baba yangu mkubwa aliichukua bunduki akaikabidhi polisi kabla matanga hayajaisha. Wadogo zangu walinung'unika. Walidhani bunduki ni urithi kama ng'ombe. Mali inarithiwa, lakini leseni hufa na mwenyewe, na anayetaka silaha ile anaanza upya tangu kikao cha kijiji. Ukoo ulikaa kuamua nani aombe. Kaka yetu mkubwa alikuwa na haki ya kuzaliwa, na alikuwa na mikono yenye nguvu, na alikuwa na kiu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshapita jeshi la mgambo, anajua silaha kuliko sisi sote. Mama aliwasikiliza wote, kisha akasema aombe mwalimu. Wakamuuliza kwa nini, maana nilikuwa sijui hata kulenga. Akasema, "Huyu ukimuudhi leo, anajibu kesho." Kulenga nilikwenda kujifunza.

Mwaka 2016 kulipofanyika uhakiki wa silaha nchi nzima, tulitakiwa tulete bunduki na vitabu vyetu, namba za silaha zilinganishwe na kumbukumbu. Nilikutana huko na wenzangu wengi kuliko niliowahi kuwaona: wazee wenye shotigani zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, wachungaji, wafanyabiashara wenye bastola kiunoni chini ya shati. Uhakiki ulikagua namba, ukakagua malipo. Kenya nao, kuanzia Desemba 2018, waliwataka wenye leseni wahakikiwe upya, na wapo walionyang'anywa. Siku ile ya uhakiki wetu, nilipokuwa nasubiri zamu yangu, niliwaza: mbona hakuna anayehakiki mtu? Namba iliyochongwa kwenye chuma haibadiliki. Mwenye chuma hubadilika. Aliyepewa leseni akiwa na mke mmoja na akili tulivu, miaka kumi baadaye anaweza kuwa na deni la benki, kesi ya mpaka na chupa chini ya kitanda. Mei 2022 huko Mwanza mume alimuua mkewe kwa bastola kisha akajiua, na nchi nzima ikauliza tunawapaje watu silaha. Nami nauliza tunawaachiaje.

Msimu uliopita kijana wa ndugu yangu alikuja. Biashara ya vitunguu saumu imemkubali, ana lori la kukodi na wateja wa mbali. Alisema, "Baba mdogo, nataka kuomba bastola, nielekeze." Nikamuuliza anabeba fedha kiasi gani njiani. Akanyamaza kidogo akakubali kwamba siku hizi karibu zote zinapita kwenye simu. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, sababu nyingi za kumiliki bastola zimemezwa na simu, ila hamu imebaki. Sikumkatalia. Nilimwambia ngazi zote, tangu mtendaji hadi mkoa, nikamwambia bei, nikamwambia sanduku la chuma lifungwe ukutani kwa nati na funguo isikae msumarini.

Kisha nikampa masharti mawili yasiyo ya serikali. Kabla hajaandika barua, amuulize mkewe wakiwa wawili, mimi nisiwepo, kama angependa kitu hicho kiwe ndani siku wanayogombana. Halafu aende kwa mtu ambaye wana mgogoro wa mpaka, amweleze nia yake ana kwa ana, amtazame usoni. Wote wawili wakisema sawa, nitamsindikiza kwa mtendaji na nitasimama kikaoni kumsemea. Mmoja akisita, anunue mbwa.

Alikwenda kuuliza. Mkewe alimwambia ngoja kwanza. Amechukua mbwa wawili kutoka kwangu, na juzi alinipigia simu kulalamika kwamba wanakula sana. Nilimwambia angalau hawahitaji kibali cha mkoa.